Ruzuku ni Amana

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, katika darasa letu la baada ya Maghribi hapa Garsen lilizuka neno ambalo hatukuliona kuwa dogo, nalo ndilo lililotutia kuandika waraka huu. Tulikuwa katika mlango wa zaka ya mazao. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga wa vijiji vya mtoni, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, nyinyi mwatufundisha tutoe zaka ya mavuno. Lakini mavuno yatoka wapi? Twasikia serikali haina fedha na matumizi yatapunguzwa. Mbolea ya bei nafuu ikiondolewa, mimi sipandi. Je, yafaa kwa dini serikali ituache?"

Kijana mmoja wa wafugaji akaomba ruhusa, akasema: "Baba, nisamehe. Wewe walia kwa mbolea ambayo haijaondolewa. Sisi ng'ombe wetu walikufa kwa ukame mbele ya macho yetu, wala hakuna aliyetuletea gunia. Fedha hizo ni za nani, kama si zetu sote?" Na wa tatu, mtu wa duka, akasema: "Nchi imezama katika deni. Kila shilingi ya ruzuku yalipwa na mnunuzi wa unga na sukari. Na ziondolewe zote, kila mtu abebe mzigo wake."

Maneno hayo matatu hayakutuacha. Kila mmoja wao alikuwa na haki upande mmoja, na kila mmoja aliisahau haki ya mwenziwe. Basi tumeona yatupasa kuyatia katika mizani ya dini, kwani dini yetu haikuja kutufundisha namna ya kutawadha tu, ikatuacha sokoni na ghalani tukienda kama vipofu.

Tuanze na neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa shina moja. Mwenye kuruzuku kwa hakika ni Mwenyezi Mungu peke Yake, na katika Surat al-Waqia ametuuliza juu ya mbegu tunazozitia ardhini, kama ni sisi tunaoziotesha au ni Yeye. Serikali, basi, haimruzuku mtu. Serikali hugawa. Hukusanya kwa huyu na kumpa yule, na fedha inazozigawa si zake: ni za mwenye duka na za mnunuzi wake, za mkulima na za mfugaji. Mwenye kugawa mali ya wengine huitwa wakili, na hakuna wakili asiye na hesabu. Kwa hiyo ruzuku si hisani ya mkubwa kwa mdogo, wala si zawadi ya siku za uchaguzi. Ruzuku ni amana. Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Hilo ndilo neno letu leo, na yote yanayofuata ni sherehe yake.

Angalieni, ndugu, jinsi sharia ilivyomtazama mkulima. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba shamba linywalo kwa mvua au chemchemi au mto, zaka yake ni sehemu 1 katika 10. Na shamba ambalo mwenyewe hulinywesha kwa taabu, kwa mnyama wa kuvuta maji, zaka yake ni sehemu 1 katika 20. Udongo ni ule ule, mpunga ni ule ule, na mafakiri wanaongoja ni wale wale. Kwa nini basi haki yao ikapunguzwa nusu? Kwa sababu mkulima huyu wa pili amekwisha toa gharama kabla ya kuvuna. Sharia iliiona gharama ya maji kabla ya kuyahesabu mavuno, na wanazuoni wa zama zetu wameitia pampu ya mafuta katika hukumu hiyo hiyo. Basi asemaye kwamba kumpunguzia mkulima gharama zake ni kumdekeza, huyo hajauzingatia mlango huu.

Lakini tazameni na upande wa pili. Haki ya fakiri haikufutwa. Imepunguzwa kwa kipimo kinachojulikana, kwa sababu inayojulikana, kwa mtu anayejulikana. Haya mambo matatu ndiyo nguzo za kila nafuu ya haki. Nafuu isiyo na kipimo ni israfu. Nafuu isiyo na sababu ni rushwa. Na nafuu ambayo mwenye kuipokea hajulikani, hiyo ni wizi uliovaa kanzu.

Sasa tuje kwetu mtoni. Wazee wetu hawakuijua mbolea ya gunia, na mashamba yao yalijaa. Ruzuku yao ya kwanza ilikuwa mto wenyewe. Tana ilipanda kwa msimu, ikafunika mabonde, kisha ikashuka na kuacha tope lenye rutuba, na katika tope lile wakapanda mpunga na mahindi na ndizi. Wafugaji nao wakateremka wakati wa kiangazi kwa njia zao za malka mpaka majini, ng'ombe wakala mabua na kuacha samadi. Ilikuwa riziki isiyopita katika mkono wa karani yeyote.

Kisha nchi ikajenga mabwawa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ukaenda mijini na viwandani. Hatulikatai jambo hilo, maana ni kheri ya nchi nzima. Lakini sehemu kubwa ya tope lililokuwa likitufikia sasa yalala chini ya mabwawa yale, na mafuriko ya wastani ambayo wazee waliyapangia kilimo chao yamepungua. Ilhali mafuriko ya maangamizi yangali yakija, kama tulivyoyaona Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, baada ya misimu 5 mfululizo ya mvua haba iliyoanza mwishoni mwa 2020.

Mtume (s.a.w.) aliletewa shauri la watu wawili waliogombea mfereji mmoja huko Madina, na mmoja wao alikuwa Zubeir bin al-Awwam, ambaye shamba lake lilikuwa la juu. Hukumu yake ya kwanza ilikuwa Zubeir anyweshe, kisha awaachie maji jirani zake. Na katika mabonde mengine ya Madina alihukumu kwamba wa juu ayazuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha ayaachilie yamfikie wa chini. Fikirini: wa juu ana haki ya kutangulia, hana haki ya kusahau. Basi mtu wa Garsen au wa Hola anapopewa gunia la mbolea kwa bei nafuu, asiinamishwe kichwa kama aombaye. Huenda ikawa ni sehemu ndogo tu ya kilichokuwa chake, kilichobaki juu kwa ajili ya taa za wengine.

Hata hivyo, haitoshi kwamba fedha zitoke. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba asimamie maghala ya Misri, hakutaja ukoo wake wala uzuri wake. Alitaja sifa mbili: kuwa yeye ni mlinzi, na kuwa yeye ni mjuzi. Ulinzi bila ujuzi ni ujinga wenye kufuli. Na ujuzi bila ulinzi ni mwizi mwenye shahada. Na sisi wa mto huu tumeona kwa macho yetu nini huwa pindi sifa hizo mbili zikikosekana.

Tazameni Hola. Kilimo cha maji kilianzishwa pale mwaka 1953, wakati wa Mwingereza, kwa nguvu za mahabusi wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusi 11 waliuawa kwa kipigo kwa kuwa walikataa kulazimishwa kazi. Shamba lililoanzia katika dhulma ya namna hiyo likaja kuwa la wakulima wa pamba, wakalima miaka mingi, hata mwaka 1989 mto ukahama njia yake na mifereji ikakauka. Miaka mingi ikapita kabla ya shamba lile kuinuliwa tena.

Tazameni Bura. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulianza mradi mkubwa, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Iliazimiwa hekta 6,700. Zilizopatikana ni kama 2,500. Watu wakaletwa kutoka pembe mbalimbali za Kenya wakapande pamba, na maji yakavutwa kwa mitambo ya dizeli huko Nanigi. Mtambo ukiharibika, pamba yakauka. Dizeli ikikosekana, pamba yakauka. Gharama ikapanda juu sana ya makisio, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 mashamba mengi yalikuwa yamelala, na familia zilizoletwa zimekwama ugenini.

Na tazameni hapa hapa Delta. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi ilifungua mashamba ya mpunga kwa msaada wa Japani. Ilipokuja mvua ya El Nino ya 1997 na 1998, furiko likavunja kingo na mitambo, na kazi ya miaka ikaenda na maji.

Twayataja haya si kwa kumcheka mtu. Twayataja kwa sababu kila mradi katika hiyo ulikuwa ni fedha za umma, na deni la baadhi yake lililipwa na watu ambao hawakula hata punje moja ya mpunga ule. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, katika kitabu alichomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid juu ya kodi ya ardhi, alieleza kwamba mifereji mikubwa yenye manufaa kwa wote, na kingo za mito mikubwa, gharama zake ni juu ya Baitul-Mali; na mifereji midogo iingiayo katika shamba la mtu, hiyo ni juu ya wenyewe. Tena akashurutisha kwamba kabla ya kuchimba waulizwe watu wajuzi na waaminifu wa mahali pale. Umepita mwaka baada ya mwaka, zaidi ya 1,200, na bado twachimba kwanza na kuuliza baadaye. Lau wazee wa mto wangaliulizwa, wangalisema: Tana huhama. Hili mtoto wa mtoni hulijua kabla hajajua kusoma.

Sasa tuje katika mjadala wa leo. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 serikali iliyokuwapo ilitia fedha katika unga ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 100. Wengi wakaisikia bei hiyo redioni wasiione dukani. Serikali iliyofuata ikasema, Septemba 2022, kwamba ruzuku ya mlaji imeshindwa, na badala yake itamsaidia mzalishaji. Mbolea ya gunia la kilo 50, iliyokuwa yauzwa kama shilingi 6,500, ikateremshwa hadi 3,500, na mwaka 2023 ikateremshwa tena hadi 2,500. Wakulima wakaandikishwa kupitia kwa machifu, na mtu akawa hupata ujumbe katika simu kumwambia aende ghala fulani.

Kisha mwaka 2024 yakadhihiri mawili. La kwanza: Machi na Aprili, wakati wa kupanda, ilibainika kwamba katika magunia yaliyouzwa kwa jina la mbolea ya ruzuku yalikuwamo yasiyokuwa mbolea ya kuitwa mbolea. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Waziri wa Kilimo akashtakiwa Bungeni, na mwezi wa Mei kamati ikaamua kuwa mashtaka hayakuthibitika. Sisi si makadhi wa kesi hiyo. Lakini tujualo ni kwamba mbegu haiahirishi msimu. Aliyetia udongo mtupu katika shamba lake mwezi wa Aprili, fidia ya Septemba haimrudishii mvua.

La pili: Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, ulipingwa na vijana barabarani. Damu ikamwagika tarehe 25 Juni, na siku ya pili yake Rais akauondoa. Tarehe 5 Julai akatangaza kwamba matumizi yatapunguzwa kwa bilioni 177 na kwamba bilioni 169 zitakopwa. Akataja pia kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali na kusimamishwa kwa baadhi ya matumizi ya ofisi za wakubwa. Deni la nchi lilikuwa limekwisha pita trilioni 10. Tangu hapo, kila pakitajwa makisio ya serikali, swali ni moja: kipi kikatwe?

Ndugu zetu, kukata matumizi si haramu, na huenda kukawa wajibu. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Israa amewaita wafujaji ndugu wa mashetani, na katika sura hiyo hiyo ameukataza mkono uliofungwa shingoni kama alivyoukataza ulionyoshwa wote. Mtu wa duka alisema kweli katika hili: deni ni deni, na nchi inayokopa kulipa riba ya mkopo wa jana imejitia kitanzi kwa mkono wake. Lakini swali la dini ni hili: kisu kianzie wapi?

Mwaka wa 18 wa Hijra, katika zama za Sayyidna Umar, njaa iliingia Bara Arabu, na mwaka ule ukaitwa mwaka wa majivu kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi. Umar alianza kukata wapi? Alianza katika sahani yake. Alijizuia samli na nyama mpaka watu wote wazipate, akala mafuta hata rangi yake ikabadilika. Akawaandikia magavana wa nchi zenye neema walete chakula kwa ngamia, na akaakhirisha kukusanya zaka kwa watu waliopatwa. Hakusema hazina ni tupu basi kila mtu abebe mzigo wake. Alikaza mkono juu ya nafsi yake, na akaufungua juu ya watu. Na sisi twaona kinyume mara nyingi: safari ya mkubwa haipungui, gari lake halipungui, chai ya mkutano haipungui, wa kwanza kupungua ni bwana shamba. Wazee mwakumbuka miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuajiri kwa shuruti za wakopeshaji. Mabwana shamba waliostaafu hawakurithiwa, na mkulima akabaki na jembe lake na dua yake. Fedha zilizookolewa zilionekana katika vitabu. Hasara haikuandikwa popote, kwa kuwa ilikuwa matumboni mwa watu.

Kwa hiyo twasema: kisu kianzie kwa mla, kisha kimfikie mlishaji. Na kabla ya kuiondoa ruzuku kwa kuwa imeibwa, mwizi aondolewe kwanza. Ghala likiwa na panya, mwenye akili huwaua panya, halichomi ghala.

Na juu ya panya hao yuko mfano. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama zawadi hiyo ingalimfuata. Swali hilo twawaelekeza wote waketio mbele ya milango ya maghala. Mmoja wetu wa darasa alipata ujumbe katika simu, akapanda gari kutwa nzima, alipofika akaambiwa mbolea imekwisha. Nje ya ukuta, gunia la alama ile ile likauzwa kwa bei karibu mara mbili. Hatumtaji mtu wala mahali, kwani makusudi yetu ni tabia, wala si mtu. Lakini huyo muuzaji, lau angalikaa kwa mama yake, lile gunia lingalimfuata?

Hapa, ndugu zetu, ingalikuwa rahisi kuufunga waraka na kumwachia lawama karani. Dini hairuhusu. Yatupasa tujitazame na sisi.

Kwani ni nani aliyeandikisha ekari 5 ilhali analima 1? Ni sisi. Ni nani aliyeandikisha shamba la marehemu baba yake kwa majina ya ndugu wanne, kila mmoja akachukua fungu zima? Ni sisi. Ni nani aliyechukua gunia la shilingi 2,500 asilitie shambani, akaliuza jioni ile ile kwa jirani aliyekosa kuandikishwa? Wallahi, ni sisi, na twajuana kwa majina. Husema mtu: ni mali ya serikali. Serikali haina mali! Ni mali ya yatima wa Tarasaa na mjane wa Madogo walionunua chumvi wakatozwa kodi. Aliyeidanganya orodha hakumdanganya chifu. Amekula na yatima sahani moja kwa nguvu.

Na liko jingine, nalo ni la miembe yetu. Mkulima akikosa fedha za kupandia, humwendea dalali, naye dalali humnunulia maembe yangali maua. Bei ni ya dhiki, na tunda halijajulikana kama litakuwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake, na sababu yake yaonekana kila mwaka hapa kwetu: upepo ukipukutisha maua, dalali adai fedha zake, maembe yakijaa, mkulima atazama malori yakienda Mombasa na mkono wake uko mtupu. Sharia haikumfungia mlango mwenye haja. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza bei ya tende za mbele, akawaelekeza wapatane kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Huo ndio mlango wa salamu: fedha zitolewe zote papo hapo, na mali iwe kiasi maalumu, si mazao ya mti huu au ule. Twakumbusha haya kwa kuwa ruzuku ikikatwa ghafula, mlango wa kwanza kufunguka ni wa dalali na wa mwenye riba. Wakataji wa makisio na walijue hilo.

Wala tusijifiche nyuma ya kadari. Wako wasemao: mto umefurika ni amri ya Mungu, mto umekauka ni amri ya Mungu, basi na tukae. Na wako wanaochinja mnyama ukingoni ili mto upoe. Hawa wa pili wamemshirikisha Mungu na maji. Na wale wa kwanza wameifanya imani kuwa mkeka wa kulalia. Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Basi tuwajibu wale watatu. Kwako wewe mzee wa mpunga: una haki ya kusaidiwa, kwa kipimo, kwa sababu, na kwa jina lako la kweli, ukipokea, itie shambani. Kwako kijana wa wafugaji: umesema haki. Mtume ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Nafuu imfikayo mwenye jembe peke yake katika nchi ya jembe na fimbo si uadilifu. Kuifungua malka, kumtibu mnyama, kumwekea majani ya kiangazi, hiyo nayo ni ruzuku, tena haina gharama kubwa. Sote twakumbuka mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, watu zaidi ya 100 walipouawa katika Delta hii, wakulima na wafugaji, wanawake na watoto, na ndani ya ugomvi ule yalikuwamo maji na malisho. Makaburi yale ni hesabu ya matumizi yasiyofanywa kwa wakati. Na kwako mwenye duka: usimwonee mkulima uchungu. Asipopanda yeye, wewe utauza nini? Lakini endelea kuuliza fedha zimekwenda wapi, kwani swali lako ni swali la Siku ya Kiyama.

Nini tufanye? Kwanza, tangu 2013 kilimo kimekuwa kazi ya serikali ya kaunti, na Kaunti ya Tana River hupokea kutoka Nairobi zaidi ya shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Kwa sheria, mpango wa fedha wa kaunti hupelekwa katika baraza lake kabla ya tarehe 28 Februari, na makisio kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Siku hizo za maoni viti huwa vitupu, kisha twalalamika mwaka mzima. Twende. Mkulima na mfugaji waingie pamoja, waulize: kingo za mto zimetengewa kiasi gani? Mabwana shamba ni wangapi? Dawa za mifugo ziko wapi? Na safari ni za kiasi gani?

Pili, orodha ya wapewao ruzuku isomwe hadharani kijijini, mbele ya wazee. Jina la uongo huona haya likiitwa kwa sauti.

Tatu, zaka ya mazao isitawanywe kwa vibaba vya hapa na pale. Ikusanywe kwa utaratibu, na fakiri mwenye nguvu apewe mbegu katika fungu lake, apande na yeye. Huko ndiko kumfundisha mtu kutoka katika mkono wa chini.

Ndugu zetu, mvua haingoji mjadala wetu uishe. Yule mzee wa mpunga alituuliza kama yafaa serikali imwache. Jibu letu ni kwamba haifai imwache, na haifai yeye aidanganye, na haifai sisi tuliosoma mambo haya tunyamaze. Kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa: Rais kwa hazina yake, karani kwa ufunguo wake, mkulima kwa gunia lake, nasi kwa kalamu hii.

Ewe Mola wetu, tunyweshee mvua ya manufaa, si ya maangamizi. Wape viongozi wetu ulinzi na ujuzi. Wape wakulima wetu na wafugaji wetu mapenzi baina yao. Na utuepushe tusije tukasimama mbele Yako hali katika mikono yetu imo amana ya mtu. Amin.